Jina la Dunguni

Kambi ya mkonge, Korogwe
Jumapili, tarehe 11 Januari 2004

Mwanangu Somoe,

Ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu nilipotoka hapo Matambarale, mara tu baada ya arobaini ya babu yako. Sikudhani kwamba na wewe ungeondoka nyumbani kabla mimi sijarudi. Sasa umefaulu, unakwenda shule ya bweni Mtwara, na mimi niko huku nakata mkonge. Bakari wa Marambo, ninayelala naye chumba kimoja, anapanda basi kesho alfajiri kwenda kusini. Ameahidi kupita huko kwetu Ruangwa kwanza kabla ya kwenda kwao, ili barua hii ikukute. Kwa hiyo lazima niimalize leo.

Mwandiko wangu uuvumilie. Niliishia darasa la tano, na mkono uliozoea kisu haupendi kalamu. Utomvu wa mkonge unawasha hata siku ambayo hatukati, kwa hiyo kila nikiandika kidogo nasimama kujikuna. Bakari amekaa kitandani kwake anafunga mizigo na kunicheka. "Hamisi," anasema, "unaandika barua au unapalilia?"

Mambo ya sabuni, ya kuamka mapema, ya kuchagua marafiki, sitayaandika. Mama yako ameshayasema mara nyingi kuliko unavyotaka kuyasikia, na anayajua kuliko mimi. Nataka kujibu lile uliloniuliza kwenye barua yako.

Umesema shule imeagiza majina matatu, na litakaloandikwa siku ya kwanza ndilo litakalokaa kwenye cheti mpaka uzeeni. Hapo kijijini ulikuwa Somoe Hamisi tu, na yalitosha. Mjomba wako Saidi amekushauri uandike Somoe Hamisi Issa, jina la babu yako, basi yaishe. Na wewe, juu ya jina letu la ukoo, umeniandikia hivi: "Baba, lile la Nachilindo ni la aibu. Msibani tuliona wote. Hata wewe mwenyewe hulitumii."

Neno hilo la mwisho nimelisoma mara kadhaa. Ni kweli, mwanangu. Nitalifikia, lakini ngoja nianze na huo msiba.

Maiti ya babu yako ilikuwa bado ndani. Watani zetu wa Ruponda wakaingia uani wakiongozwa na Bibi Tekla, yule mzee mwembamba mwenye rozari shingoni. Akaichukua kofia ya babu yako kutoka msumarini, akaivaa, akadai kiti. Akapanda juu ya kiti, mwanamke wa umri ule, akaweka viganja mdomoni akapiga kelele: "Hooo! Wa bondeniii! Wameingiaaa!"

Watu wakaanza kucheka na machozi yako mashavuni. Akatugeukia sisi wafiwa. "Mnalia nini nyinyi? Marehemu wenu hajafa. Amesikia nguruwe, amekimbilia chini ya kanga ya mwanamke huko dunguni. Mwacheni, ugali ukiiva atashuka mwenyewe!"

Mtani mwingine akadakia: "Ukoo gani huu? Mwanamume anatoka jandoni na jina la kike! Sasa tumzike kwa sanda au kwa kanga?"

Ulikimbilia ndani. Nilikuona. Sikukufuata, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na aibu yangu ilikuwa ya zamani kuliko yako.

Maneno yale nilianza kuyasikia nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Kila msiba wa kwetu, watani walipanda juu ya kitu. Wasipopata kiti walipanda juu ya kinu, au gogo, au kitanda cha watu, wakapiga kelele ile ile. Mimi nikachukua vipande vya mzaha nikaviunganisha. Nikajitungia kwamba baba yangu alipokuwa kijana alikuwa mwoga, kwamba nguruwe walivamia shamba yeye akajificha kwa mwanamke, na wanaume wakamwadhibu kwa kumpa jina la yule mwanamke. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivyo. Niliisuka mwenyewe, kisha nikaiamini mpaka nikaota mvi.

Utauliza kwa nini sikumuuliza babu yako. Unajua desturi yetu. Mtu akishatoka jandoni, utoto wake umebaki kule. Hauzungumzii, wala watu hawauzungumzii mbele yake. Jina lake la utotoni halitajwi, ukilitaja umemtukana. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa na mpaka leo silijui. Nilijaribu mara moja tu, tukiwa tunaokota korosho chini ya mikorosho ile ya upande wa mto.

"Baba, hili jina letu limetoka wapi?"

Akaokota mbili tatu, akazitikisa kiganjani. "Limetoka Ruponda," akasema. "Okota."

Basi, yalikwisha hapo. Mimi nikauchukua ukimya wake nikaufanya ushahidi. Nikasema, kama kungekuwa na la kujivunia angelisema. Hilo ndilo kosa langu kubwa, Somoe, na sijui kama watu wa mahali pengine wanaweza kulifanya, maana linataka uwe na watani wanaosema sana na baba asiyeruhusiwa kusema.

Kosa hilo likazaa jingine. Nilipokwenda kuposa kwa kina mama yako, wazee waliniuliza ukoo. Nikaona nikisema kweli, yaani kweli yangu ile ya kubuni, sitapewa mke. Nikasema Nachilindo alikuwa jumbe mkubwa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye watu na bunduki. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjomba wako Saidi, ambaye wakati ule alikuwa kijana na ndiye mwenye neno juu ya dada yake, akasema, "Damu ya ujumbe si kitu kidogo." Nikaoa.

Miaka ya tisini nikawa nabeba magunia ya korosho pale Nachingwea mjini, na mjomba wako ana cherehani yake barazani karibu na soko. Siku moja nimepumzika hapo kwake, akapita Bibi Tekla na kikapu cha njugu kichwani. Aliponiona tu, akasimama katikati ya njia.

"Nachilindo! Umeshuka dunguni lini? Nguruwe wamekwisha?"

Mafundi wote wakacheka. Mjomba wako akasimamisha cherehani. "Mama, huyu ni wa ukoo wa jumbe," akamwambia.

"Jumbe?" Bibi Tekla akatua kikapu chini kabisa ili acheke vizuri. "Jumbe wa ngedere labda!"

Alipoondoka, mjomba wako hakupiga kelele. Alirudi kushona, akashona mshono mrefu, kisha akasema bila kuniangalia: "Shemeji, dada yangu ungepewa tu. Ulikuwa na mikono mizuri ya kulima. Ule ujumbe ulikuwa wa nini?" Kwa hiyo akikwambia leo uliache jina hilo, usidhani anakuonea. Yeye alilijua jina likiwa ndani ya uongo wangu, na mtu akidanganywa na kitu hakipendi tena.

Sasa nifike kwenye kweli yenyewe, niliyoipata nikiwa nimechelewa.

Siku ya arobaini Bibi Tekla alikuja tena Matambarale, na jioni hakuwa na usafiri. Nikaambiwa nimpeleke kwa baiskeli kesho yake asubuhi. Unaijua njia ya Ruponda ilivyo ndefu, michanga kwa michanga. Nilikanyaga na hasira yangu kifuani mpaka tukapita mashamba ya mwisho ya huko kwetu, ndipo nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, nikuulize."

"Uliza, mtani. Lakini usisimame, miguu yangu ikishuka haipandi tena."

"Baba yangu alikukosea nini?"

"Mimi? Hajanikosea kitu."

"Mbona ulimfanya vile, na maiti iko ndani?"

Kisha nikasikia baiskeli inatikisika, kumbe anacheka. "Hamisi! Una mvi, una watoto, na ulikuwa unaamini maneno ya msibani?"

"Niamini yapi, bibi, na mengine sijaambiwa?"

Kicheko kikakatika. "Simamisha baiskeli," akasema.

Tukakaa kando ya njia kwenye kisiki, akanieleza. Ninakuandikia kama alivyonieleza, ya jandoni nikiyapita kwa mbali, maana wewe mwenyewe umetoka unyagoni na unajua kuna mambo hayaandikwi.

Nachilindo hakuwa Mmakua kama sisi, wala hakuwa jamaa yetu kwa damu. Alikuwa Mmwera wa Ruponda. Jina alilopewa na wazazi wake, Bibi Tekla hakuwahi kulisikia, wote walimwita hivyo tu. Chilindo kwa lugha za kwetu ni dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, na yule mama maisha yake yalikuwa juu ya dungu. Aliolewa akaachwa kwa sababu hakuzaa. Aliporudi kwao alikuta ndugu zake wamehama. Akajenga dungu mahali mashamba ya nyumba nyingi yalipokutana, akawalindia wote, nao wakimpa fungu lake wakati wa mavuno.

Wewe umelinda shamba, unajua ilivyo: leo mama, kesho mtoto, kila mmoja anasinzia na kuomba kupambazuke. Kwake yeye ndiyo ilikuwa kazi. Na ilikuwa enzi zile Waingereza wanasafisha mapori ya Nachingwea walime karanga. Tingatinga zilipoangusha miti, wanyama hawakwenda mbinguni. Walihamia kwa watu. Nguruwe, nyani, tembo, wote wakateremka mashambani, na nyumba nyingine zikakata tamaa, zikasema mwaka huu tutakula mizizi.

Nachilindo alitandaza kamba za magome kutoka dunguni mpaka pembe za mashamba, na mwisho wa kila kamba akafunga madebe na vipande vya chuma. Kila shamba lilikuwa na mlio wake. Mnyama akigusa, alijua kwa sikio ameingia kwa nani, akavuta kamba ile ili amshtue, na kama hakushtuka aliwaita wenyewe kwa mahali wanapokaa: wa bondeni, wa mwembeni, wa kisimani. Watu walitoka na mbwa na mikuki. Mama yake Bibi Tekla alikuwa wa bondeni. "Mama alisema," Bibi Tekla akaniambia, "Nachilindo hakuwahi kuita bure. Wengine hulinda kwa kupayuka usiku kucha ili waonekane wanalinda. Yeye akiita, ujue wameingia."

Babu yako alivuka Ruvuma na mama yake. Walikaa kwanza Marambo, kisha wakasogea Ruponda wakitafuta vibarua. Mama akafa kwa homa, na mtoto akabaki analala kwenye majivu ya majiko ya watu. Siku moja kamba ya shamba la bondeni ikalia kidogo kidogo, mlio ambao Nachilindo hakuwahi kuusikia. Akashuka mwenyewe kwenda kutazama. Akakuta mtoto anatafuna mtama mbichi.

"Nguruwe gani huyu wa miguu miwili?" akamuuliza. Mtoto hakujua Kimwera. Nachilindo akamshika mkono. "Anayekula hapa, analinda hapa," akasema, akampandisha dunguni. Ndivyo babu yako alivyopata mama wa pili.

Wakakaa misimu kadhaa. Mtoto akafikia umri wa jando. Hapo pakawa na kazi, maana jando la kwetu halimtaki mama, linamtaka mjomba. Mjomba ndiye anayempeleka mtoto, ndiye anayesimamia chakula chake, ndiye anayesema jina atakalotoka nalo. Na asiyepita jando, hata akiota ndevu, ni mtoto. Hana pa kukaa barazani na hakuna atakayempa binti. Wazee walikuwa wanapanga, mtama bado uko mashambani. Nachilindo akaenda mpaka barazani walipokaa wanaume, akasimama pembeni.

"Na wangu mumwingize," akasema.

"Wako yupi? Wewe huna mtoto."

"Huyu wa dunguni."

"Huyo ni mtoto wa ng'ambo. Mjomba wake nani?"

"Mimi."

Wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, rudi dunguni kwako, mtama unaliwa."

"Ukiliwa utausikia mwenyewe," akamjibu.

Akarudi, akafungua kamba zote, akashusha madebe, akakaa mlangoni kwake akimenya njugu mawe. Hakumtukana mtu. Wanyama walijua kabla ya watu. Haikupita hata juma moja, wale wale wazee wakaja mlangoni kwake, na wa bondeni ndio waliotangulia.

"Mama, tumekubali mtoto aingie," wakasema. "Lakini akitoka ataitwa kwa jina la nani? Kila mtoto anachukua la mkubwa wake."

"Achukue langu."

"La mwanamke? Tena la dunguni?"

Bibi Tekla alipofika hapa alinyanyuka kwenye kile kisiki ili anioneshe jinsi mama yake alivyosema yule mama alisimama, mkono mmoja kiunoni, ungo wa njugu mkono wa pili. "Mtama wa dunguni mnakula," akawaambia. "Jina la dunguni ndilo litakalowakaba?"

Babu yako akaingia jandoni.

Muda wote wa jando, wajomba wa watoto wengine walikuwa wakipokea chakula kwa wanawake na kukipeleka ndani. Nachilindo hakuwa na mwanamume wa kumpokelea. Akawa anapika, anabeba chungu mpaka pale wanawake wanapokoma, anakitua chini, anarudi nyuma hatua kadhaa, kisha anaweka viganja mdomoni na kupiga kelele yake ile ya dunguni: "Hooo! Wameingiaaa!" Wanaume huko ndani wakicheka, wanakuja kuchukua. Hakukosa hata siku moja. Na siku watoto walipotolewa, wamevaa nguo mpya, majina yakatangazwa moja moja mbele ya watu wote. Lilipotangazwa la Issa Nachilindo, watu wakaanza kuchekea viganjani.

"Mama yangu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza," Bibi Tekla akaniambia. "Wa pili akaitikia, wa tatu, mpaka wanaume wakanyamaza. Mwaka ule sisi tulikula, Hamisi. Nyumba nyingine zilihama kwa njaa, sisi tulikula."

Nikamuuliza, kama ni hivyo mbona mnatudhihaki.

Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea. "Mtani hamchezei asiye na kitu. Unadhani mimi, na magoti haya, ningepanda juu ya kiti kwa ajili ya mwoga? Mwoga tunamzika kimya kimya tunakwenda zetu. Baba yako alifungwa mdomo na desturi, nyinyi wanawe mkajifunga kwa aibu. Sasa habari hii ingekaa wapi? Imekaa kwetu. Kelele zile nilizozipiga ndizo zile zile. Nimezipokea kwa mama yangu, naye alizisikia kwa mwenyewe."

Tulipanda baiskeli tena. Nilikuwa namfikiria babu yako. Unakumbuka alivyokuwa akilinda? Hata uzeeni, akisikia kitu kwenye shamba la jirani, alikuwa anatoka nje na kuita, shamba si lake na jirani hajamwomba. Mimi nilikuwa naona haya, nasema mzee anawasumbua watu. Kumbe alikuwa analipa. Mtu asiyeweza kulitaja jina la mama yake kwa kusimulia alikuwa analitaja kwa njia hiyo, maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimelala ndani na nguo usoni.

Yule mama alimwona akioa, alimwona hata shangazi yako Mwajuma akizaliwa. Alifia Ruponda. Aliposhindwa kupanda dunguni, babu yako alimbeba mgongoni na kumpandisha, kwa kuwa chini alikuwa hapati usingizi. Hayo nayo niliyapata kwa Bibi Tekla.

Sasa nijibu neno lako la mwisho, kwamba hata mimi silitumii. Nilifika hapa kambini siku chache tu baada ya kuambiwa haya yote. Karani akaniuliza jina, na mdomo ukasema Hamisi Issa kabla kichwa hakijafika. Nilikuwa ninajua kweli, lakini nilikuwa nimeizoea aibu, na mazoea hayaondoki siku unayojua. Nimelibeba jambo hili peke yangu mwaka mzima. Barua yako ndiyo iliyonifumbua mdomo. Juzi tukiwa tunafunga matita ya mkonge nilimsimulia Bakari yote. Nilidhani atacheka, na kweli alicheka, akacheka mpaka akakaa juu ya tita. Halafu akasimama akatangaza shambani kote: "Jamani, kuanzia leo huyu ni Nachilindo! Mkiona nguruwe, mwiteni!" Sasa wananiita hivyo kambi nzima, Wasambaa, Wahehe, wote. Na nimeshangaa, mwanangu, kwamba hainiumi. Mtu akinicheka najua anachocheka ni kitu gani, na kitu hicho ni kikubwa kuliko yeye na mimi.

Na wewe watakucheka, sitakuficha. Watoto wa huko Mtwara watasikia Nachilindo na watataka kujua ni mdudu gani. Usiwadanganye kama nilivyowadanganya wajomba zako. Jumbe mwenye bunduki niliyemtunga hakumlinda mtu yeyote. Na sisi tuliobaki na jina hili ni wachache sana. Shangazi yako aliolewa akafuata la mumewe, watoto wake ni wa kule. Ukitembea kutoka Marambo mpaka Ruangwa mjini hutakuta nyumba nyingine inayoitwa hivi. Akina Issa wako kila kijiji.

Lakini sikuamuru. Usigombane na mjomba wako kwa ajili yangu. Kwetu neno lake ni zito, na Issa si jina baya, ni la mtu niliyempenda. Msomee barua hii kama atakubali kusikiliza, umwambie pia kwamba shemeji yake anamwomba radhi kwa habari ya yule jumbe. Kisha fanya lako. Mimi nililiacha jina nikiwa silijui. Wewe ukiliacha, uliache ukiwa unalijua, na ukilichukua vivyo hivyo.

Ruhusa yangu nimeshaiomba. Nategemea kurudi mwezi wa sita, mvua zikishakatika na barabara ya kusini ikawa inapitika. Sitakwenda nyumbani moja kwa moja. Nitashukia Mtwara kwanza nije nikuone hapo shuleni. Ninavyojua shule za bweni, getini wataniuliza namtafuta mwanafunzi gani, na wanataka majina yote matatu. Mawili ninayo. Niandikie la tatu kabla sijapanda basi, nijue nitakuita nani.

Baba yako,
Hamisi